Stabilaiza inagonga baada ya kushusha gari? Usiwashe grainda kwanza

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa Mtwara na Lindi wenye gari za spoti walizozishusha, maana ukishafunga koilova (shokapu zenye springi za kurekebisha kimo) au springi fupi, kitu cha kwanza kuanza kupiga kelele kwenye barabara zetu hizi sio injini, ni stabilaiza, na dawa wanayopewa watu wengi gereji ni ileile, ikatwe kidogo na grainda, au ipashwe moto ipindwe, au itolewe kabisa utembee bila. Mimi zote tatu sizikubali. Hili tatizo linatibika vizuri, ila kuna swali moja watu wanaliruka na ndo swali lenyewe: stabilaiza yako inatakiwa iende juu au iende chini? Ukishapata jibu hapo, kinachobaki ni spana tu.

Gari yangu ni Subaru Impreza WRX ya bodi ya GDA, ile ya mwanzo yenye taa za duara, mbele nimeishusha kama milimita 40 na stabilaiza ya kiwandani nimeitoa nikaweka nene ya milimita 22. Ukitoka Shangani mpaka Mikindani tu unapita matuta ya kutosha kujua gari yako ina shida gani, na ukiunga kwenda Lindi msimu wa korosho unakutana na malori yamejaza mpaka juu, unasogea pembeni kumpisha, gurudumu la kushoto linashuka kwenye ukingo wa lami halafu linapanda tena kwa kishindo. Pale ndo unasikia KO! chini ya miguu.

Kwa asiyeijua, stabilaiza ni chuma kirefu chenye umbo la U kinachotoka upande mmoja wa gari mpaka mwingine, katikati kimeshikwa na bushi mbili kwenye chesisi au krosi memba (ule mhimili wa chini ya injini), na kila ncha ina linki inayoiunganisha na upande wa gurudumu. Gari ikiingia kona, gurudumu moja linapanda kwenye bodi na lingine linashuka, kile chuma kinasokotwa kama nguo unayoikamua na kinakataa kusokotwa, ndo maana gari hailali. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja chenyewe kinazunguka tu ndani ya bushi, hakina ubishi. Na unene wake una nguvu kuliko watu wanavyodhani, ugumu unapanda kwa kipenyo kwa kipeo cha nne, yaani kutoka milimita 20 kwenda 22 unaona umeongeza milimita 2 tu kumbe ugumu umeongezeka kama asilimia 46. Kumbuka hiyo hesabu, tutairudia tukifika kwenye grainda.

Sasa ukishusha gari nini kinatokea? Bodi ndo imeshuka, gurudumu liko palepale chini. Kwa hiyo ukitazama kutokea kwenye bodi, wishboni (ule mkono wa chini unaoshika gurudumu) imepanda, tairodi ya stelingi imepanda, shafti inayozungusha gurudumu imepanda upande wa nje, na ncha za stabilaiza nazo zimepanda. Mikono yake, yaani zile pande mbili za U, ambayo kiwandani ilikuwa imelala karibu sambamba na ardhi sasa inatazama juu, na kila tuta linaisukuma juu zaidi. Nafasi iliyokuwepo kati ya mkono na bodi, au kati ya mkono na shafti, imeliwa. Ukiweka na stabilaiza nene ndo kabisa.

Lakini kabla hujasema ni nafasi, hakikisha sio linki au bushi zimekufa, maana sauti zinafanana sana na nimeona watu wananunua vitu vya gharama kumbe raba tu imeisha. Mimi ninavyotofautisha ni hivi, linki ikilegea inagonga gogogo hata kwenye vijishimo vidogo, hasa gurudumu moja likipanda peke yake, na mwendo mdogo ndo unaisikia zaidi. Ya nafasi inakaa kimya kwenye vijishimo, inasubiri mpaka shokapu zishuke sana, inagonga mara moja nzito, hata ukilipita tuta sawasawa kwa magurudumu yote mawili. Kama bado una wasiwasi fungua linki zote mbili, zifunge pembeni kwa waya zisiguse shafti wala paipu ya breki, halafu zunguka mtaani polepole. Polepole kweli, maana gari sasa italala kwenye kona. Sauti ikiisha, shida iko kwenye familia ya stabilaiza. Ikibaki, angalia kwingine, boljointi, mauntini za juu za shokapu, rekiendi.

Halafu kuna hii moja ya bure kabisa ambayo ningependa kila mtu aanze nayo. Lala chini ya gari na tochi, pima nafasi ya kushoto, pima nafasi ya kulia. Kama kushoto inagusa na kulia kuna nafasi ya kutosha, kuna uwezekano mkubwa stabilaiza imetembea pembeni ndani ya bushi zake, inasukumwa kidogokidogo na kona mpaka inahamia upande mmoja. Legeza brakiti, isukume irudi katikati, kaza. Ili isirudie, funga kola za kubana pande zote mbili za bushi, ni vipete viwili vya aluminiamu vyenye bolti, fundi wa leithi (mashine ya kuchonga chuma) anaweza kukutengenezea mjini hapahapa ukimpa kipenyo sahihi. Gari ngapi zimekatwa mikono ya stabilaiza kwa shida ya kusukuma chuma sentimita moja!

Kama imekaa katikati na bado inagusa, sasa tafuta inagusa wapi hasa. Usiulize mtu, acha gari ikuonyeshe. Safisha mkono wa stabilaiza na sehemu zote za karibu kwa brashi na petroli kidogo, kausha, halafu paka chokaa nyeupe au dawa ya meno kwenye mkono, na sehemu unazozishuku juu yake bandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto, ule laini wa rangi unaouzwa madukani. Toka uzunguke, pita matuta, pita barabara ya vumbi popote, rudi. Mimi nilivyorudi nikakuta kidonge cha upande wa kushoto kimebanwa kikawa kama karatasi, kina mchirizi wa chokaa katikati, na pembeni yake bodi imechubuka rangi mpaka chuma kinang'aa, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kidonge cha pili, cha kwenye upande wa tairodi, kilikuwa kimebaki na unene wa milimita 8, kwa hiyo pale hapakuwa na shida. Ule unene unaobaki ndo nafasi yako halisi gari ikiwa inatembea, hakuna kipimo kingine cha kienyeji kinachoushinda. Mimi chini ya milimita 5 siwezi kulala, bushi zenyewe zinapinda na chuma kinapinda, unataka akiba.

Sasa kupima. Hapa ndo mafundi wetu wengi wanapotea na nalisema kwa heshima kwa sababu wamenifundisha mengi. Gari ikiwa kwenye jeki magurudumu yananing'inia, ncha za stabilaiza zimeshuka, kila kitu kinaonekana kina nafasi kubwa. Ukifunga linki katika hali hiyo umefunga kwa gari ambayo haipo. Kuna mzee mmoja anayenitengenezea gari, yeye alishashika grainda tayari, akaniambia, "Mjomba hapa tunapunguza kidogo tu, nusu saa umeondoka." Nikamwambia mzee wangu naomba kwanza tuitazame ikiwa imekanyaga. Tukapanga vipande vya mbao nene vinne, vyote unene mmoja, gari ikapanda juu ya mbao magurudumu manne yote, handibreki, vigingi mbele na nyuma ya matairi, mtu mwenye uzito wangu akakaa kwenye siti ya dereva. Ukilala chini hapo unaiona gari kama inavyosimama barabarani. Mzee mwenyewe aliangalia mkono ulivyotazama juu akasema aah, kumbe imefika huku. Grainda ikarudi kwenye boksi. (Na tafadhali usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.)

Ukiwa hapo chini angalia vitu viwili. Cha kwanza, mkono unagusa kitu kilicho juu yake au kilicho chini yake? Cha pili, linki imeshika wapi upande wa gurudumu, kwenye wishboni ya chini au kwenye shokapu? Majibu ya hayo mawili ukiyaweka pamoja ndo yanakwambia ununue nini, na hapa ndo ushauri wa "nunua linki fupi" unapoumiza watu.

Kwenye Impreza yangu linki ya mbele ni kijiti kifupi kinachotoka kwenye wishboni ya chini kwenda juu kwenye ncha ya stabilaiza. Linki iko chini, stabilaiza iko juu yake. Nikifupisha linki, ncha ya stabilaiza inavutwa chini, inaondoka kwenye bodi. Sawa kabisa, mimi ni mtu wa linki fupi.

Rafiki yangu ana Golf GTI ya kizazi cha 5, nayo imelala chini vibaya mno, nayo inagonga. Kwake linki ni ndefu, imeshika kwenye sikio la shokapu (kile kibrakiti chenye tundu la linki) huko juu inashuka mpaka kwenye ncha ya stabilaiza. Na kinachogusa ni shafti, inapanda kutokea chini na kuufuata mkono wa stabilaiza. Yeye anataka mkono uende JUU. Akifupisha linki, kwa sababu linki inaning'inia kutoka juu, ncha inavutwa juu, inaachana na shafti. Kwa hiyo na yeye linki fupi, ila kazi iliyofanyika ni kinyume kabisa cha kwangu.

Sasa chukua gari ya tatu, linki imeshika kwenye shokapu kama Golf ila mkono unagusa kitu cha juu, chesisi au reki ya stelingi. Huyu akinunua linki fupi kwa sababu mimi na jamaa wa Golf tumenunua fupi, anauvuta mkono juu zaidi, ameongeza shida kwa pesa yake mwenyewe. Huyu anataka ndefu. Na koilova nyingine sikio la linki halipo palepale lilipokuwa kwenye shokapu ya kiwandani, limepandishwa au limeshushwa, kwa hiyo hata gari mbili za aina moja zinaweza kutaka linki tofauti. Ndo maana nasema tazama yako.

Kiasi cha kupunguza au kuongeza nacho kinategemea linki imeshika wapi. Ikishika kwenye shokapu, gari ikishuka milimita 40 pale inaposhika nako kumepanda karibu 40 ileile. Ikishika kwenye wishboni, inategemea iko umbali gani kutoka kwenye bushi za wishboni, ikiwa katikati basi imepanda kama 20, ikiwa kwenye theluthi mbili imepanda kama 27. Mimi nilipima kwa rula nikapata kati ya hapo, nikaagiza linki za kurekebisha, zile zenye uzi katikati na nati ya kufunga, nikaanza na kupunguza milimita 20 halafu nikamalizia palepale juu ya mbao. Lengo ni mkono wa stabilaiza urudi karibu sambamba na ardhi na linki isimame wima kwenye mkono, iwe karibu digrii 90. Linki ikilala sana nguvu inapotea, na boli za ncha (zile jointi za mviringo, sio bolti) zinafika mwisho wa mzunguko wake zinabana, hapo ndo zinavunjika shingo.

Linki tulizikuta za plastiki kutoka kiwandani na kutoa ilikuwa kazi kweli. Wanaokaa karibu na bahari wananielewa, chumvi ya hapa inakula bolti mpaka hujui ilikuwa namba ngapi. Dawa ni subira, brashi ya waya kwanza usafishe uzi unaobaki nje, mwagia mafuta ya kulegezea kutu jioni, asubuhi tena, ndo uweke soketi ya pembe sita, sio ya kumi na mbili. Kwa zile linki za boli, ukiona nati inazunguka pamoja na uzi wake usianze kubana raba kwa plaiazi, angalia kwenye ncha ya uzi kuna tundu la aleni, lile la pembe sita, shika kwa aleni huku unafungua kwa spana. Tundu likijaa kutu lichokonoe na msumari kwanza, aleni iingie mpaka chini, la sivyo linaliwa na hapo ndo grainda inapata kazi halali.

Kufunga sasa. Upande wa kwanza kaza wote. Upande wa pili, gari ikiwa bado imekanyaga kwenye mbao na mtu kakaa kwenye siti, zungusha ile linki mpaka bolti iingie yenyewe kwa mkono, bila kuvuta, bila kusukuma, bila nyundo. Ikiingia kwa kulazimisha maana yake stabilaiza imeshasokotwa gari ikiwa imesimama tu, na utakuta gari inapinda kona ya kulia tofauti na ya kushoto, watu wanahangaika na alaimenti wakati shida ni hii. Tena ni kawaida linki ya kushoto na ya kulia kutofautiana urefu kidogo kwa gari iliyoshushwa, isikutishe. Ukimaliza, geuza stelingi mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, mtu akiwa anaangalia matairi, paipu za breki na waya wa ABS. Halafu nyanyua gurudumu moja tu kwa jeki ukiweka chini ya wishboni, uige lile tuta la upande mmoja, na uangalie tena.

Kuna gari ambazo linki peke yake haitoshi, kwa mfano sehemu inayogusa ni karibu na bushi ambako mkono hauendi popote hata ukibadilisha linki. Hapo unaweka spesa kati ya brakiti ya bushi na chesisi, stabilaiza nzima inashuka. Ichongwe kipande kizima cha chuma au aluminiamu, milimita 10 mara nyingi inatosha, sio kupanga washa tano juu ya mwenzake. Na bolti ziwe ndefu kwa kiasi hichohicho cha spesa na daraja lilelile lililoandikwa kichwani, kama ya kiwandani imeandikwa 10.9 usirudishe 8.8 kwa sababu ndo iliyokuwepo dukani. Uzi unaoingia ndani usipungue kipenyo cha bolti yenyewe, bolti ya milimita 10 iingie angalau milimita 10, mimi napenda 15.

Turudi kwenye grainda. Stabilaiza ni chuma cha springi, kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu ili kisokotwe mara malaki na kirudi. Ukiiweka kwenye moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu ukaipinda, pale ulipopasha umeshaharibu ule mpiko, pamekuwa laini au pamekuwa pakavu panapokatika, na kwa macho huwezi kujua ni kipi. Ukikata na grainda, rudi kwenye ile hesabu, sehemu ya milimita 20 ukiichonga ikabaki 18 pande zote, hapo ugumu umeshuka kwa theluthi nzima, na mikwaruzo ya grainda ndo mahali ufa unapoanzia. Sasa ufa huo unamalizikia wapi? Hauchagui kuvunjikia gereji. Unavunjikia kwenye kona za kushuka Mikindani, mbele yako trela la saruji linapanda, na kipande cha chuma kinaning'inia karibu na tairi na paipu ya breki. Mimi hili linaniuma kwa sababu gari hizi tunapakia ndugu zetu, dada zetu, watoto, tunakwenda nazo Dar zaidi ya kilomita 500.

Kutoa stabilaiza kabisa pia sitaki kwa gari ya mwendo. Gari itatembea laini, ndio, mpaka siku umekwepa mbuzi au bodaboda kwa ghafla na bodi inalala kulia huku wewe unaitaka kushoto.

Na niseme hili hata kama halipendezi kwa wapenda gari iliyolala: kupandisha koilova milimita 10 ni suluhisho halali. Halina gharama kubwa, ni spana mbili za kwenye koilova na alaimenti baada ya hapo. Kuna gari nimeziona zimeshushwa mpaka raba ya ndani ya shokapu inagusa muda wote, hiyo haina springi tena, na stabilaiza inagonga kwa sababu kila kitu kinagonga. Kwa barabara zetu na maji ya masika yanavyochimba pembeni mwa lami, mimi baada ya kufunga linki nilipandisha mbele kidogo na sioni nilichopoteza, muonekano ni uleule, na tumbo la gari halisalimii matuta tena.

Bushi ukizigusa badilisha kabisa, zile za poliyurethani ni nzuri ila tundu lake lifuate kipenyo cha stabilaiza yako, 22 kwa 22, usichukue 20 ukalazimisha. Zinataka grisi ya silikoni ndani, la sivyo zitalia kwiikwii hasa kiangazi kwa vumbi letu. Za raba ya kawaida usiweke grisi ya kawaida ya bearing, mafuta yanaivimbisha raba na kuiua.

Nyuma sijagusia sana kwa sababu kwenye gari nyingi linaloleta shida kule ni ekzosi. Umebadilisha ukaweka bomba kubwa, limepita karibu na stabilaiza, baridi linaonekana lina nafasi, likipata moto linarefuka na injini inavyotikisika linagonga. Pale usihangaike na linki, badilisha raba za kuning'inizia ekzosi weka mpya ngumu, au peleka bomba lipindwe upya, bomba ni la kupindwa halina tatizo.

Vitu vyenyewe vingi nimeagiza Dar, vinakuja na basi, unavipokea stendi. Ukiagiza linki tuma picha ya ile ya zamani ikiwa juu ya rula, urefu upimwe kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu, au katikati ya boli mpaka katikati ya boli, na useme unene wa uzi. Ukituma jina la gari peke yake utaletewa chochote. Na ukishafunga, tembea kama kilomita 100, Lindi na kurudi inazidi hapo, halafu rudi chini ya gari ukaze nati zote za linki na brakiti tena, zile nati za kufunga katikati ya linki ndo zinapenda kulegea za kwanza. Mwenye gari yenye mpangilio tofauti na hizi tatu nilizotaja aniwekee picha ya chini, gari ikiwa imekanyaga, tuangalie pamoja inataka kwenda juu au chini.